Vidonge vya Makambako

Njombe,
Jumapili, 6 Januari 1957

Mwanangu Lidia,

Nimeapa kabla sijachovya kalamu kwamba katika barua hii nitakueleza yote, hata yale yatakayokufanya unione mbaya. Nyote mmekwenda kanisani kwenye ibada ya kukuaga. Mimi nimemwambia bibi yako kwamba kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Nimebaki ili niandike jua likiwa bado linaingia dirishani, na kesho, ukishapanda basi pale Makambako na kupata kiti, nitakupitishia barua hii dirishani. Sitakupa kabla ya hapo, kwa sababu sitaki uisome huku unanitazama usoni.

Najua umecheka ulipoona neno "mwanangu". Umelicheka tangu tulipoanza kukaa dawati moja. Nimekuzidi mwaka mmoja tu na kidogo, na kwa urefu umenipita. Lakini unakumbuka, au labda hukumbuki kwa kuwa ulikuwa mdogo, siku ile mama yako, dada yangu Marta, alipozikwa. Wazee walinisimamisha uani mbele ya watu. Shangazi akachukua mkono wako akauweka ndani ya mkono wangu, akasema, "Tabita, huyu sasa ni wako. Wewe ndiye mama." Mkono wako ulikuwa unanata uji. Nilikuwa na miaka sita, na mwanasesere wangu wa gunzi la hindi nilikuwa nimemfunga mgongoni siku ileile. Kwetu ndivyo ilivyo, mdogo wa marehemu huwachukua watoto wake, na hakuna aliyefikiria kuuliza kama huyo mdogo mwenyewe ameshaota meno yote.

Basi nikawa mama. Nilikufundisha kujibu "kamwene", salamu ya kwetu, kabla hujafundishwa kusema "shikamoo". Nilikubeba mpaka mto wa kuteka maji, ukiwa mzito karibu kama mimi. Na tulipofika shule ya misheni, wewe ukarushwa darasa na kunikuta, wasichana walipata kitu cha kuwachekesha kwa mwaka mzima. "Tabita, mwanao amekushinda Kiingereza!" "Tabita, mwanao ameitwa mbele, mpangusie makamasi!" Nawe ukawa unaongeza chumvi, unapiga goti mbele ya dawati na kusema, "Shikamoo mama mdogo, naomba wino." Nilicheka pamoja nao. Lakini usidhani kila mara nilicheka kwa furaha.

Sitakueleza jinsi ya kufua blanketi, wala jinsi ya kukaa na wasichana wa makabila mengine. Hayo bibi yako amekwisha kukueleza mpaka yakakutoka masikioni. Nataka kusema juu ya kile kikopo cha vidonge.

Jana nilipokuwa nakusaidia kupanga sanduku, niliinua ile sweta ya kijani ili niikunje upya, nikakiona. Nilikijua kabla sijakigeuza: picha ya mwanamke wa Kizungu anayecheka huku amejifunga utepe wa fundi cherehani kiunoni. Kilikuwa kipya, karatasi yake haijachanwa. Nikakuuliza, "Lidia, hiki umekipata wapi?" Ukasema, "Makambako, tulipokwenda kuulizia basi." Nikasema kitupe. Nawe ukachukua kikopo mkononi mwangu, polepole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, ukasema, "Mama mdogo, wewe ulivinywa vibaya tu. Mimi nitakunywa kimoja kimoja. Halafu, tusidanganyane, una wivu."

Bibi yako akaingia na viazi vya safari, tukaendelea kukunja nguo.

Ni kweli, nina wivu. Nataka neno hilo likae hapa juu, kabla ya mengine, ili usiseme nimelificha katikati ya mawaidha. Nina wivu na lile sanduku. Nina wivu na jina lako lilivyosomwa na mchungaji. Nina wivu hata na viatu vyako, ambavyo babu yako alivinunua akaviweka juu ya kabati ili kila mgeni avione. Nilipokuwa nakunja sweta ile nilikuwa nayapima mabega yake kwa mabega yangu. Mama halisi angekuwa anaona fahari. Mimi naona fahari asubuhi, na ikifika mchana imekwisha.

Lakini mtu mwenye wivu anaweza pia kusema kweli. Hilo ndilo ninalotaka uniaminie, na sina njia ya kukuthibitishia ila kukuhadithia kila kitu kilivyokuwa, maana ulikiona kwa nje tu.

Unakumbuka mwalimu mkuu alipotutangazia kwamba Bibi Mkaguzi angekuja kuchagua msichana mmoja wa kwenda chuo cha walimu kule Moshi, na kwamba huyo msichana angefundishwa pia kufundisha mazoezi ya viungo, kwa hiyo lazima awe "mwepesi wa mwili". Darasa zima liligeuka kunitazama. Hesabu nilikuwa wa kwanza. Insha nilikuwa wa kwanza. Maarifa ya nyumbani hakuna aliyenigusa. Lakini kupanda kamba nilikuwa naning'inia kama gunia. Rebeka akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "Wepesi wa mwili! Basi Tabita abaki jikoni." Wewe hukucheka. Nilikutazama kuona kama unacheka, na nilikasirika zaidi kwa kuwa hukucheka.

Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuniambia mimi ni mnene. Bibi yako hunisifu mbele ya watu kwamba nina mwili wa kulima. Lakini tangu siku ile nilianza kujiona kwa macho ya Bibi Mkaguzi, mtu ambaye hata sura yake nilikuwa sijaiona.

Likizo ya Agosti nilitumwa kwa shangazi Makambako. Pale panaposimama mabasi kuna yule muuza dawa, Mfaume, aliyetandika turubai lake karibu na wauza karanga. Nilisimama natazama. Akasema, "Binti, unatafuta dawa ya mchango?"

"Natazama tu."

"Kutazama hakuna bei. Ila macho yako yameganda kwenye hiki kikopo."

Nikamwuliza ni cha nini. Akakipiga-piga ili vidonge vicheze ndani. "Hivi vinayeyusha mafuta. Unameza kimoja, unakwenda kukimbia, mafuta yanayeyuka yenyewe kama samli juani. Wake za Wazungu wa mashamba ya miwati wote wanatumia, muulize mpishi yeyote."

"Na vikishayeyusha?"

"Unabaki wewe, binti! Si huyo mwingine unayembeba."

Wauza karanga wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu neno lile liliniingia. Usiku na mchana nilikuwa nahisi nambeba msichana mwingine, mzito, asiyeweza kupanda kamba, na kwamba nikimshusha tu nitakwenda Moshi. Nilimpa Mfaume ile doti yangu ya khanga ya Krismasi, hata sijaikata, naye akanipa kikopo. Bibi yako akiniuliza khanga iko wapi, namwambia niliipoteza kwenye lori.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengine wangekudanganya. Sitakuambia kwamba vidonge havifanyi kitu. Vinafanya. Siku ya kwanza nilimeza kimoja asubuhi kabla ya mazoezi, na firimbi ilipolia nilikimbia kuzunguka uwanja kama ninayesukumwa mgongoni. Sikuchoka. Mchana ugali uliwekwa mbele yangu na maharage, nikautazama kama natazama udongo. Sikuwa na njaa kabisa. Nilifagia bweni, nikafagia na bweni la wadogo, nikaandika insha ndefu kuliko zote. Nilikuwa na furaha ya ajabu. Niliwaza, kumbe Wazungu wamekuwa na kitu hiki siku zote wakatunyima!

Umeona, sifichi uzuri wake. Huo uzuri ndio mtego.

Juma la pili mdomo ulikuwa mkavu tangu asubuhi, hata maji hayasaidii. Mikono ikaanza kutetemeka. Unakumbuka ulinichukulia sindano ukaniwekea uzi, ukaniuliza kama nina homa, nikakufokea. Kifua changu kilikuwa kinadunda nikiwa nimekaa kimya, wakati wa sala, kama mashine ya kukoboa iliyoachwa inazunguka bila mahindi. Usingizi ulinihama. Nilikuwa nalala macho wazi nikiwasikiliza nyote mnavyopumua, na nilikuwa nawachukia kwa kupumua. Lile kofi nililompiga Rebeka siku tulipogombania ndoo, lilikuwa la vidonge. Sisemi hivyo ili kujitetea. Nasema ili ujue kwamba vinagusa zaidi ya tumbo.

Na kwa kuwa kimoja hakikunipa tena ile furaha ya siku ya kwanza, nikameza viwili. Wewe jana ulisema "kimoja kimoja". Mwanangu, na mimi nilianza kwa kimoja kimoja. Hakuna aliyeanza kwa viwili.

Babu yako alikuwa anapeleka magome ya miti ya miwati, yale ya kutengenezea ngozi, kwa mnunuzi kila Jumamosi, nami nilikuwa naomba ruhusa nimsaidie kubeba. Shabaha yangu ilikuwa mizani. Mzigo wa mwisho ukishapimwa, karani alikuwa ananiruhusu nikae ndani ya gunia lililofungwa kwenye ndoana, na wapagazi walikuwa wanauliza kama mimi nami ni gome. Nilikuwa napungua. Kila Jumamosi mshale ulikuwa unashuka. Nilikuwa natoka pale nikiwa nimejaa kiburi, na babu yako alidhani nafurahia biashara yake.

Jumamosi moja karani aliyakataa magome ya mtu mmoja kutoka upande wa Ludewa. Alikuwa ameyanyunyizia maji ili yaongeze uzito. Karani akamwambia, "Mzee, nenda ukayaanike, urudi. Maji yako siyanunui." Yule mzee akayatandaza palepale juani, akalala pembeni, alasiri yakapimwa tena. Uzito ulikuwa umepungua sana. Babu yako akasema kwa kucheka, "Gome ni lilelile. Maji tu yamekwenda zake." Nilikuwa nimesimama karibu kabisa na mizani. Nilisikia kila neno. Na mimi, niliyekuwa wa kwanza katika hesabu, sikujiuliza hata kidogo msichana asiyekula, asiyekunywa vizuri, anayetoka jasho mchana kutwa, anapungua kitu gani. Niliona huruma kwa yule mzee, basi. Nimekuja kuelewa baadaye, nikiwa kitandani. Mtoto yeyote wa Njombe anayejua gome bichi na gome kavu alipaswa kuelewa mara moja.

Nyumbani waliona kabla yangu. Mama Yohana wa jirani alikuja kuazima kinu, akanitazama, akamwambia bibi yako, "Kamwene, mama. Huyu binti mmempa dawa ya minyoo?" Bibi yako akajibu kwamba ni masomo. Mgeni alipokwenda akanivuta jikoni akasema, "Tabita, watu wataanza kuuliza kama nakulisha. Unakonda mpaka mashavu yanazeeka. Kula mbele yangu." Nikala mbele yake, kisha nikaenda nyuma ya migomba nikatapika. Hilo nalo limo katika yote niliyoapa kukueleza.

Siku ya Bibi Mkaguzi unaijua, lakini uliijua ukiwa nje ya mwili wangu. Nilimeza vitatu. Nilisimama mstarini nikiona kila jani la mti wa mbali kwa ukali, na nilijua, Lidia, nilijua kabisa kwamba nitashinda. Tulipokimbia nilikuwa mbele. Nilisikia Rebeka akisema, "Heh! Tabita!" kwa mshangao, na sauti ile ilikuwa tamu kuliko wimbo. Wewe ulikuwa wa pili, nyayo zako nilizisikia nyuma yangu, nami nilikuwa nafurahi kwamba ni wewe hasa uliye nyuma yangu. Kisha moyo ukaruka. Sijui niseme vipi. Ukapiga, ukakosa, ukapiga mara nyingi kwa pamoja. Uwanja ukawa mweupe pembeni, weupe ukaingia mpaka katikati, nikala udongo.

Yaliyofuata niliyasikia kwa masikio tu, macho hayakuwa yanaona. Nilisikia wasichana wanapita mbio, maana Bibi Mkaguzi alikuwa amesema asisimame mtu mpaka firimbi ilie. Nilisikia mmoja akicheka. Na nilisikia sauti yako: "Ondokeni! Mpeni hewa! Rebeka, acha kutazama, leta maji!" Ulifungua mkanda wangu. Uliinua miguu yangu ukaiweka juu ya magoti yako. Ulikuwa unasema "mama, mama, mama", si "mama mdogo", na hapakuwa na mzaha. Halafu nikasikia viatu vya kisigino kwenye majani na sauti ya kigeni ikiuliza, "Huyu aliyesimama, jina lake nani?"

Ukasema, "Lidia, Bibi."

"Kwa nini umeacha kukimbia?"

"Ni mama yangu, Bibi."

Naye bila shaka alidhani umekosea Kiswahili, au yeye amekielewa vibaya, kwa sababu nilimsikia akilirudia neno "mama". Ndipo akaandika jina lako.

Yule Sista wa hospitali ya misheni, nilipomwonyesha kikopo, alikasirika mpaka masikio yake yakawa mekundu. Akaniambia vidonge vya namna ile hutolewa na daktari kwa mgonjwa anayemwangalia mwenyewe, na hata hivyo kwa tahadhari. Akasema haviyeyushi kitu kama samli; vinaudanganya mwili kwamba haukuona njaa na haukuchoka, na moyo ndio unaolipia udanganyifu huo. Kuna watu, akasema, ambao moyo wao huruka kisha hausimami tena sawasawa. Nikamwuliza kama mimi nimo katika watu hao. Akaniambia, "Tutaona." Alinisikiliza kifua kila wiki mpaka Novemba. Wewe nilikuambia nakwenda kwa ajili ya malaria, ingawa ulikuwa umekwisha kukiona kikopo chini ya mto wangu.

Nilipoviacha nililala siku nzima nzima, na nikiamka nilikuwa nalia bila sababu, kama mtu aliyezimwa taa ndani. Kisha njaa ikarudi, yote kwa pamoja. Nilikula viazi mpaka babu yako akauliza kama tuna mgeni. Kufika Krismasi nilikuwa na uzito uleule wa Agosti na juu yake nyongeza. Yule msichana mzito ambaye Mfaume alisema nambeba, alirudi akakaa mahali pake. Nimeanza kumzoea. Nadhani ndiye anayeandika barua hii.

Sasa nakuja kwenye sehemu iliyo ngumu.

Barua ya Bibi Mkaguzi ilikuwa na mstari ambao mwalimu mkuu alinisomea mimi peke yangu, mlangoni pa ofisi, akidhani ananifariji. Ilisema kwamba kama Lidia hatafaa au ataugua katika muhula wa kwanza, nafasi yake atapewa Tabita, kwa sababu ya alama zake za darasani, na habari ya mazoezi itaachwa. Umeelewa? Wewe ukianguka kule kama nilivyoanguka mimi, basi litakalokurudisha ndilo litakalonichukua.

Jana, baada ya bibi yako kuingia na viazi, nilitoka nikaenda kukaa kwenye rundo la magome. Nikafikiri hivi: nimekwisha kumwambia akitupe. Nimefanya wajibu wangu. Amesema nina wivu. Basi na ameze. Nilifikiri jambo hilo kwa utulivu, kama mtu anayefanya hesabu ya mtihani, na jibu lilinipendeza. Nilijiona nikipanda basi na ile sweta ya kijani. Nilikaa na picha hiyo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mama, au mama mdogo, au hata adui mwenye heshima. Halafu ukapita uani na ndoo kichwani, umenuna, ukasema, "Shikamoo mama mdogo," kwa sababu ulikuwa hujanisalimia tangu mchana na hata ukikasirika huwezi kuiacha salamu. Nikaitikia "marahaba" kama mama anavyomwitikia mwanawe. Ndiyo maana leo nimesema kichwa kinaniuma.

Jana usiku bibi yako aliniambia kitu ulichomwambia yeye. Ulimwambia, "Bibi, mimi nimechaguliwa kwa sababu mama mdogo alianguka. Kule wasichana wote watakuwa wepesi wa kweli. Nisipokuwa mwepesi watajua nimeingia kwa bahati." Kwa hiyo ndiyo sababu ya kikopo. Nilidhani ni urembo. Kumbe na wewe unambeba msichana mwingine mgongoni, na msichana huyo ni mimi, nimelala udongoni.

Basi nisikilize, kwa kuwa hili linaniuma kulisema kuliko yote yaliyotangulia. Hukuingia kwa bahati. Mbio zile zilikuwa na wasichana wote wa darasa, na firimbi ilikuwa haijalia, na kila mmoja alitaka Moshi. Wewe ulikuwa wa pili, nami nilipoanguka ulikuwa wa kwanza. Ungeweza kuendelea tu. Hakuna ambaye angekulaumu. Ndiyo amri tuliyopewa. Ulisimama. Bibi Mkaguzi alitafuta mwalimu, akamwona. Hakutazama kiuno chako. Nimejiuliza mara nyingi tangu wakati ule: kama ungeanguka wewe na mimi ndiye niko mbele, ningesimama? Nimeapa kueleza yote, kwa hiyo naandika: sidhani. Wakati ule, na vile vidonge vitatu tumboni, ningesikia umeanguka na ningeongeza mwendo.

Wivu wangu mkubwa uko hapo. Viatu na sanduku vitachakaa. Lakini jambo lile ulilolifanya bila kufikiri, mimi sina, na halipatikani pale Makambako kwenye turubai la Mfaume. Ukimeza vidonge vyake, ndilo litakalokuwa la kwanza kukutoka. Najua kwa sababu mimi nilibakiwa na kasi, kiu, na hasira, na kila mtu aliyekuwa karibu nami akawa mtu wa kupitwa.

Sitakunyang'anya kikopo. Ningeweza, sanduku liko hapa chini ya kitanda, nanyi hamjarudi. Nimelifungua mara moja, nikakigusa, nikalifunga. Nikikichukua mimi, utakwenda Moshi ukiamini kwamba mama yako mdogo alikuibia wepesi wako kwa wivu, na siku ya kwanza utakaposhindwa kamba utatafuta muuza dawa mwingine. Wako kila mahali. Heri ukitupe mwenyewe, ukijua ni nani anayekuomba na ana faida gani akinyamaza.

Na ukishindwa kupanda kamba, panda unapofika. Mwalimu wa mazoezi anayejua jinsi inavyouma kuning'inia mbele ya watu atawafaa watoto wazito, nao ni wengi. Laiti tungekuwa na mwalimu wa namna hiyo. Na mimi bado nina matumaini yangu, usinihurumie mno. Mwalimu mkuu amesema niwafundishe watoto wa darasa la kwanza kusoma wakati mwalimu wao anajifungua. Nitaanza Jumatano. Labda nitafika Moshi siku moja kwa mlango mwingine, mlango ambao si wa kupitia juu ya mgongo wako.

Nasikia sauti zenu barabarani. Babu yako anaimba besi, anaharibu wimbo kama kawaida yake. Namalizia.

Utaniandikia, najua, na utaniandikia habari nzuri ili nisihangaike. Ndiyo maana sitakuuliza kama umevimeza. Sista aliniuliza swali hilo mara tatu, na mara mbili nilimdanganya nikimtazama machoni. Nitakuuliza kitu kingine, ambacho mama yeyote humwuliza mtoto aliye mbali, na ambacho mtu aliyevimeza hawezi kukijibu bila mimi kujua, kwa maana nitaujua mwandiko wa mkono unaotetemeka. Nijibu kwa basi la kwanza linalorudi huku, kwa mkono wako mwenyewe, hata kama ni mstari mmoja.

Mwanangu, usiku unalala?

Mama yako mdogo,
Tabita